Video Ndefu au Filamu Fupi ya Harusi: Uuze Ipi Ukiwa Moshi?

Mwezi wa kumi ndio simu zinaanza. Wachagga walioko Dar, Mwanza na nje ya nchi wanajua Desemba watakuwa nyumbani, kwa hiyo harusi zinapangwa ziangukie huko, na kamati zinaanza kuulizia wapiga video. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Majengo, aliyenishikia tripodi misimu miwili na sasa anataka kusimama mwenyewe, alikuja ofisini. "Kaka, nina harusi tatu za kwangu Desemba. Nitangaze hailaiti, au niuze video nzima kama wewe?"

Nilimjibu kwa maneno mawili matatu, akaondoka hajaridhika. Alikuwa na haki. Swali lenyewe linagusa kamera unayonunua, usiku unaolala, na kama mwezi wa pili utakuwa bado unadai watu. Kwa hiyo nimeamua kuziweka hizi kazi mbili pembeni kwa pembeni, kama mtu anayelinganisha pikipiki mbili kabla ya kutoa hela.

Tukubaliane kwanza maana. Video ndefu ni ile ya saa mbili mpaka tatu: bibi harusi anapambwa, msafara na matarumbeta juu ya pikapu, ibada yote, kisha ukumbini mpaka zawadi ya mwisho. Filamu fupi, hailaiti kwa lugha ya mtaani, ni dakika tatu mpaka nane zilizochaguliwa na kupangwa upya.

Nani anakaa mbele ya televisheni

Harusi ya huku kwetu hailipiwi na watu wawili. Inalipiwa na michango. Kuna mwenyekiti wa kamati, kuna mweka hazina, kuna shangazi aliyetoa laki tatu na hajawahi kutaja hiyo laki tatu, lakini anaikumbuka. Watu hawa wote wakipewa flashi wanatafuta kitu kimoja: wanajitafuta wenyewe.

Mwaka wangu wa pili kwenye hii kazi nilikabidhi video niliyoiona ni safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Mama wa bibi harusi aliangalia mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, ni nzuri. Lakini mbona dada yangu wa Rombo simwoni?" Dada yake alikuwepo. Alicheza na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, mbele ya ukumbi mzima. Mimi nilikuwa nimemkata kwa sababu taa ya kijani ilimpiga usoni na nikaona anaharibu rangi.

Tangu hapo, ninapofanya video ndefu naomba orodha kutoka kwa akina mama wa pande zote mbili: watu ishirini ambao lazima waonekane, kwa majina na kwa uhusiano. Naipitia na msaidizi asubuhi ya harusi. Huo ndio ufundi wa video ndefu, na vijana wengi wanaudharau: kumjua mjomba ni yupi, kujua nani ataitwa kupokea ndafu, kujua kwamba mzee aliyekaa kimya pembeni ndiye atakayeshika majani ya isale atakapoombwa msamaha au baraka.

Filamu fupi haina nafasi ya watu ishirini. Inawataka wawili, labda na wazazi. Mtazamaji wake ni maharusi wenyewe na marafiki zao wa simu, na mteja wako anayefuata, aliyelala kitandani saa sita usiku akipitisha kidole Instagram. Ndiyo maana Arusha, ambako unaweza kupata pia wageni wanaokuja kufunga ndoa kwenye loji na kurudi kwao baada ya safari, filamu fupi inauzika bila maelezo mengi. Mgeni hana kamati. Ni umbali wa kilomita 80 hivi kutoka Moshi, lakini wateja wanaweza kuwa tofauti kama usiku na mchana.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni nzuri, uliza flashi itachomekwa wapi. Sebuleni Machame, au kwenye simu?

Sauti, na hapa ndipo ninapokaa

Wapiga video wengi wachanga wananunua lenzi kabla ya maiki. Ukifanya filamu fupi tu, kosa hilo linaweza kujificha miaka: unaweka muziki juu, mambo yanaenda. Ukifanya video ndefu, kosa linaonekana dakika ya kumi, padri anapoongea na unasikia feni.

Ukija kwangu kujifunza, nitakupa maiki ya klipu ya bwana harusi, kirekodi kidogo cha kuunganisha kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ya kanisani au ya DJ, na maiki ya juu ya kamera kama akiba. Sauti unaiweka ili kilele kisipite desibeli -12 hivi, maana shangwe za vigelegele zikija zinaruka juu ghafla na sauti iliyopasuka haishonwi. Kwenye mikisa angalia mkondo unaotoka: ule wa laini una nguvu kuliko wa maiki, na ukiuchomeka mahali pa maiki utarekodi mkwaruzo mtupu ibada nzima huku unatabasamu. Vaa hedifoni. Anayekucheka leo kwa kuvaa hedifoni kanisani hatakuja kukusaidia kuhariri.

Filamu fupi ina mtego wake. Ili picha ziwe laini, watu wanarekodi kila kitu kwa mwendo wa polepole. Fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 50 kwa sekunde ukizicheza kwenye 25 unapata nusu ya mwendo. 100 unapata robo. Tatizo ni kwamba kamera nyingi zikiwekwa kwenye hali hiyo ya polepole hazirekodi sauti kabisa. Nilishafanya hivyo kijijini Kibosho, bibi mzaa mama anambariki mjukuu wake mlangoni kabla hajatoka. Mwanga wa dirisha, mkono kichwani, midomo inatembea. Picha ile nimeitumia kujitangaza miaka mitatu. Lakini maneno sina. Familia iliponiuliza bibi alisema nini, sikuwa na jibu, na bibi mwenyewe alipoulizwa alijibu kwamba baraka hazirudiwi.

Filamu fupi bora ninazozijua zimejengwa juu ya maneno: kiapo, sentensi moja ya baba, kicheko. Maneno hayo unayapata ukirekodi kama mtu wa video ndefu. Ukitaka kujipima, chukua harusi yako ya zamani, itengenezee dakika tatu bila muziki wowote. Ukishindwa, hukuwa na sauti. Mimi hufanya zoezi hilo kila Kwaresma, wakati makanisa yamepunguza au kusimamisha harusi na mvua za masika zinakaribia. Ni siku arobaini ambazo wengine wanalalamika hakuna kazi.

Picha na saa

Video ndefu inasamehe mwanga mbaya na haisamehe kukosa tukio. Filamu fupi ni kinyume chake.

Chukua ibada. Kamera nyingi za picha, hasa za miaka ya nyuma, zinajizima zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59. Chanzo ni kodi ya forodha ya Ulaya: kamera inayorekodi nusu saa au zaidi ilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa zaidi, kwa hiyo watengenezaji wakaweka kikomo. Sasa piga hesabu ya misa. Unabonyeza kurekodi wakati wa maandamano ya kuingia, masomo yanasomwa, padri anahubiri kwa raha zake, na ndoa inafungwa baada ya mahubiri. Kamera inajizima pale pale pete zinapotoka kwenye kisahani. Kwa video ndefu dawa yake ni kamera mbili, moja kwenye tripodi ikiwa pana, na kukata kisha kuanza upya kwaya inapoimba, kila mara, hata kama dakika hazijaisha. Mpiga filamu fupi anaweza kuwasha na kuzima kwa sekunde kumi kumi na asijue hata kwamba kikomo hicho kipo.

Lakini yeye ana deni jingine: jua. Tuko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mchana jua linakaa juu mno na macho ya maharusi yanageuka mashimo meusi; Desemba linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, na likishazama giza haliombi ruhusa. Mlima nao, mita zake 5,895 zote, mara nyingi umejifunika mawingu mchana na kufunguka asubuhi au jioni. Una dakika ishirini za mwanga mzuri, na dakika hizo hizo MC anataka maharusi waingie ukumbini. Ukiuza filamu fupi lazima upiganie dakika hizo kwenye kikao cha kamati, wiki mbili kabla, ziandikwe kwenye ratiba. Siku yenyewe hutazipata.

Ukumbini wote wawili mna adui mmoja, taa. Umeme wetu ni wa hezi 50. Rekodi fremu 25 na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) ya sekunde 1/50, au fremu 50 na shata ya 1/100, na mistari inayotembea kwenye picha itapungua sana. Umeme ukikatika na jenereta likazidiwa, mistari inaweza kurudi; sogeza shata taratibu mpaka itulie.

Na ndafu, maana hapa tofauti inaonekana kwa macho. Mbuzi mzima anaingia kwa wimbo, wapishi wanacheza, watu wanasimama. Kwenye video ndefu naiacha yote, dakika nane au tisa, kamera imetulia, kwa sababu kila anayeingia kucheza ana ndugu yake anayemsubiri kwenye skrini. Kwenye filamu fupi ndafu inapata sekunde nne: mvuke, kisu, mama anacheka. Kuchagua sekunde nne hizo ni kazi ngumu kuliko kuacha dakika nane. Nasema hivyo mimi ninayependa zile nane.

Hesabu ambayo haitangazwi

Watu wanadhani kifupi ni rahisi. Hata kamati zinasema, "Si ni dakika tano tu?" Tuseme video ndefu umeiuza 900,000. Msaidizi 80,000, usafiri 40,000, fungu la kulipia hadi diski 50,000, umeme na bando 30,000. Umebaki na 700,000. Siku ulizotumia: moja ya kikao na kukabidhi, moja ya kushuti, tatu za kuhariri, kwa kasi yangu mimi. Siku tano, 140,000 kwa siku.

Filamu fupi umeiuza 700,000 kwa sababu "ni dakika tano tu". Gharama ni zile zile 200,000. Umebaki na 500,000. Kuhariri kunanichukua siku tano: moja kupanga na kuoanisha sauti, moja kuangalia kila kitu, tatu kukata, kufuta, kukata tena. Jumla siku saba. Umepata 71,000 na kidogo kwa siku, nusu ya ile nyingine, na usingizi umepungua zaidi.

Ili filamu fupi ikulipe sawa na ndefu, lazima uiuze 1,180,000. Kuwa tayari mweka hazina akucheke.

Sasa angalia ukiuza zote mbili kwa pamoja. Ukishamaliza ndefu umeshapanga, umeshaoanisha, umeshaona kila kitu. Fupi inakudai siku tatu tu za ziada. Siku nane kwa 140,000 ni 1,120,000, ongeza gharama 200,000: bei ni 1,320,000. Yaani tofauti kati ya fupi peke yake na zote mbili ni 140,000. Weka bei zako, siku zako na gharama zako kwenye hesabu hiyo; tarakimu zitabadilika lakini umbo lake sidhani.

Mambo mengine nayapitisha haraka:

| Jambo | Video ndefu | Filamu fupi |
|---|---|---|
| Watu wa chini kabisa | Wawili, kamera mbili | Mmoja anaweza, akiwa mwepesi |
| Nafasi ya kuhifadhi | Kwa megabiti 100 kwa sekunde ni GB 45 kila saa; kamera mbili saa sita ni GB 540 | Robo ya hapo au pungufu |
| Kifaa cha kwanza kununua | Kirekodi na maiki | Lenzi inayofunguka sana, iingize mwanga mwingi |
| Droni | Si lazima | Inapendwa, lakini ina vibali vyake, kuanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga |
| Muziki | Kwaya na DJ waliokuwepo | Ukiweka wimbo wa watu, YouTube huutambua na inaweza kuizuia video |
| Mteja anayekuja baadaye | Ndugu wa mteja wa leo | Mtu usiyemjua |

Kuhusu kuhifadhi, haijalishi unauza ipi: nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikae nyumba nyingine. Memori kadi haifutwi mpaka mteja apokee. Ninamjua mtu aliyeifuta Jumapili jioni ili akashuti sendofu.

Kamati ikivunjwa

Tabia za biashara zinafanana kwa zote mbili isipokuwa sehemu moja, nayo ni wakati. Kamati ya harusi ina uhai mfupi. Wiki moja au mbili baada ya harusi wanakutana, wanakula, wanasoma mapato na matumizi, wanavunja kamati. Baada ya hapo mweka hazina ni raia wa kawaida kama wewe. Kama hela yako ilikuwa bado kwake, sasa unamdai bwana harusi aliyetoka fungate na mfuko mtupu, na utamuita "shemeji" kwenye simu kwa upole mpaka uchoke.

Video ndefu ikichelewa mwezi, watu wanasubiri, wamezoea. Kwa hiyo panga malipo yasifuate kukabidhi. Mimi nachukua nusu siku ya kusaini, asilimia 40 kabla ya siku ya harusi, na asilimia 10 ndiyo inayosubiri flashi. Kumi nikiikosa naumia lakini nalala.

Filamu fupi inakupa nafasi ambayo ndefu haina. Ukikamilisha hata kipande cha dakika moja kikaonyeshwa siku ya kuvunja kamati, kinaonwa na watu thelathini ambao ndio wanaounda kamati nyingine za ukoo na usharika. Hakuna tangazo la kulipia lililowahi kunipa kazi kama dakika ile. Ndiyo maana hata anayeuza ndefu pekee namshauri aikate hiyo dakika bure.

Mkataba ni kurasa mbili, kwa Kiswahili, na haya usiyaache: nani mmoja anayeruhusiwa kukuagiza mabadiliko (siyo kamati nzima kwenye kundi la WhatsApp), marekebisho mara mbili basi, tarehe ya kukabidhi, muda utakaotunza picha ghafi, na ruhusa ya kuweka video mtandaoni. Hiyo ya mwisho zamani tuliichukulia poa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, sura ya mtu ni jambo la kuombea idhini, na kuna maharusi ambao hawataki waonekane. Kwa anayeuza filamu fupi, asipopata ruhusa hiyo amepoteza nusu ya sababu ya kuifanya, kwa hiyo aiulize kabla ya kutaja bei.

Basi uchague ipi

Kama uko peke yako na kamera moja, na kazi umepata kwa marafiki wa rika lako, uza fupi, bei yake halisi, na usikubali kuongezewa "na ile nzima kidogo" mwishoni mwa kikao. Kamera moja haitoi ibada nzima. Utaahidi na utaumbuka.

Kama una msaidizi unayemwamini, na unafanya kazi na kamati za Marangu, Uru, Old Moshi na mjini, anza na ndefu. Fanya kumi. Jifunze sauti, jifunze koo za watu. Kisha ongeza fupi kama kifurushi kimoja, kwa hesabu ile ya juu.

Kama macho yako yako Arusha kwenye loji na wageni, fupi ndiyo kazi yako, lakini rekodi kiapo kizima bila kukata na ukitunze. Mama wa bibi harusi, awe wa Mwika au wa Manchester, siku moja atakiomba.

Kama unachagua fupi kwa sababu huwezi kukaa saa tatu unahariri hotuba za watu, nakuelewa, ila hotuba hizo utakuwa umezisikiliza hata hivyo. Siku tano, nimekuambia.

Kijana wa Majengo ana kamera moja na nusu. Ile nusu inazima ikipata joto. Nilipompigia tena tuliangalia harusi zake tatu. Mbili ni za kamati, moja ni ya rafiki yake wa chuo. Hizo mbili nitamkodishia kamera yangu ya akiba na kirekodi, auze ndefu. Ya rafiki yake atauza fupi. Bei ya fupi alitaka kutaja 600,000. Nimemtumia hesabu kwa WhatsApp, na kazi ya kwanza ni tarehe 13.